Makofi Juu ya Daraja la Shukrani

Sikudhani Chitemo hakuangusha Daraja la Shukrani. Daraja lilianguka kwa sababu nguzo zake zilitiwa mianzi badala ya nondo. Msimnyonge.

Waheshimiwa wa Tume, naomba radhi kwa kuingia bila hodi. Najua ripoti ya heshima huanza na salamu, ikafuata shukrani kwa Mkuu wa Nchi, halafu shukrani kwa mke wa Mkuu wa Nchi, halafu hali ya hewa. Lakini mwalimu mmoja, marehemu sasa, alifundisha mbele ya macho yangu kwamba hatari itangulie, maana msomaji anaweza kufa ukiwa bado unamsalimu. Hatari nimeshaitanguliza. Sasa shikamooni, waheshimiwa, na poleni na msiba. Jina la nchi yetu silitaji, kwa kuwa kulitaja bila kibali ni kosa, na kibali nilichoomba bado hakijarudi.

Mimi ni Koplo Shomvi wa Kikosi cha Nidhamu ya Maandishi. Chombo changu cha kazi ni rungu. Mmeniambia nieleze niliyoyaona tangu mwanzo, na mimi nikiambiwa kitu nafanya, ndiyo maana nimefika ukoplo.

*

Mnaijua desturi yetu ya kusimama chini. Tangu enzi za madaraja ya magogo, mjenzi alisimama chini ya daraja lake siku mzigo wa kwanza unapopita, yeye na mkewe, na kama alikuwa na mama mkwe, naye aliletwa. Madaraja yale ya magogo yapo hadi leo na ng'ombe wanapita.

Serikali iliipenda desturi hii, ila ikaona ina kasoro. Wajenzi wa siku hizi ni watu wazito. Wana vikao, wana vitambi, wana presha, hawawezi kusimama kwenye matope. Kwa hiyo desturi ikaboreshwa: anayesimama chini sasa ni yule aliyeandika ripoti ya ukaguzi. Anapewa kipaza sauti, anaisoma ripoti yake yote kwa sauti, na wageni rasmi wanasikiliza wakiwa juu. Sauti ikinyamaza, wageni wanapiga makofi. Makofi yakiisha, mzigo unapita.

Jamani! Hapo ndipo wahandisi wetu walipojifunza kuandika. Ukiandika daraja ni bovu, unapigwa rungu na daraja linafunguliwa vilevile, na wewe uko chini. Ukiandika ni zima nalo likaanguka, umekwisha, na mjane wako anadaiwa zege. Njia iliyobaki ni kuandika kitu kisichosema ndiyo wala hapana, ili ufunguzi uahirishwe wakati wakubwa wanatafuta maana yake, nawe upate nafasi ya kutorokea ng'ambo.

Chuo Kikuu cha Uhandisi kikaanzisha somo maalumu, Uandishi wa Juu, chini ya Profesa Kipengele. Alikuwa bingwa, Mungu amrehemu. Aliweza kuandika kurasa arobaini kuhusu choo kilichobomoka na usijue kama kulikuwa na choo. Yeye ndiye aliyeondoa neno "ufa" katika lugha ya uhandisi na kuweka "tabasamu la zege". Ile methali ya kuziba ufa na kujenga ukuta ilipigwa marufuku, na bibi mmoja aliyeitumia sokoni kumgombeza mjukuu wake nilimpiga mimi mwenyewe, kidogo tu, kwa kuwa alikuwa mtu mzima.

Mle darasani nilipewa kazi ya heshima. Mimi ndiye niliyekuwa kipimo. Elimu yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo wakubwa walikata shauri kwamba nikielewa mimi, ameelewa kila mtu. Mwanafunzi alisoma kazi yake kwa sauti. Nikielewa, amefeli, na rungu linashuka. Nisipoelewa, amefaulu. Vijana wengi walivunjika mabega mwaka wa kwanza, lakini kufika mwaka wa tatu walikuwa wakiongea hata mama zao hawawaelewi, na wazazi walilia kwa fahari siku ya mahafali.

Profesa aliuawa na dari. Dari la darasa lilikuwa limetabasamu muda mrefu, na ripoti yake aliiandika yeye mwenyewe. Siku hiyo mwanafunzi alimnyooshea kidole kule juu, na Profesa akaanza kutoa maelezo: "Kwa kuzingatia mazingira yaliyopo, na bila kuathiri hatua ambazo zimekuwa zikiendelea kuchukuliwa, inaweza ikadhaniwa kwamba..." Boriti ilimpata hapo hapo kwenye kudhaniwa. Angesema "tokeni" angekuwa ameshafika mlangoni. Tulimzika kwa hotuba ya siku mbili.

*

Wizara ikatafuta mrithi. Masharti yalikuwa mawili: awe mwandishi ambaye maandishi yake yameenea nchi nzima, na awe hajawahi kulalamikiwa na msomaji hata mmoja. Wakatafuta, wakamwona mama mmoja, Leokadia Nyoni, ambaye maandishi yake yamechapwa nakala nyingi kuliko hotuba za Mkuu wa Nchi na yapo katika kila boma la mifugo. Hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Wakampa uprofesa, nyumba na bendera ya kuweka mezani.

Siku ya kwanza alikuja na chupa moja mkobani. Akaiweka mezani karibu na bendera.

"Haya ndiyo maandishi yangu," akasema. "Binti, wewe hapo mbele. Jina lako?"

"Sikudhani Chitemo, mwalimu." Alikuwa msichana mwembamba wa mwaka wa mwisho, mtoto wa mama muuza vitumbua, na kwenye somo la Profesa Kipengele nilikuwa nimempiga sana, kwa sababu kila alichoandika kilieleweka.

"Soma karatasi ya chupa."

Sikudhani akasoma: "Hii ni dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ni sumu. Usinywe. Ukinywa utakufa."

Loo! Nilielewa yote. Nikainuka, nikampiga rungu la bega.

"Afande," mwalimu akasema, hakupandisha hata sauti, "mbona unampiga mwanangu?"

"Nimeelewa, mwalimu."

"Umeelewa nini?"

"Kwamba ni sumu, nisinywe."

"Na ungekuwa na kiu?"

"Nisingekunywa."

"Basi amekuokoa. Kwenu mtu akikuokoa mnampiga?"

Nikamjibu kwamba kwetu hatujawahi kuokolewa, kwa hiyo desturi yake siijui. Darasa zima lilicheka, na mimi nikakasirika, nikapiga wawili watatu walionikalia karibu.

Lakini mama yule alikuwa na vituko. Hakuniomba niondoke. Alinivutia kiti mbele kabisa akawaambia wanafunzi: "Huyu afande ndiye msomaji wenu. Dereva wa lori ndiye huyu. Mama mwenye mtoto mgongoni ndiye huyu. Asipoelewa, wewe ndiye uliyefeli, na kuna mtu atakufa." Kipimo kikabaki kilekile, mimi, ila kimegeuzwa miguu juu kichwa chini. Niliuliza makao makuu nifanye nini. Wakanijibu kwa kurasa kumi na mbili. Sikuelewa, nikaendelea kukaa.

Kusoma ndiko kulikowatoa jasho. Aliwaletea ripoti za vitu vilivyokwisha kuanguka: shule, matangi ya maji, Daraja la Mto Kiwewe lililozama na basi la harusi. "Tafuteni hatari iko wapi," akasema. Wakaitafuta tangu asubuhi. Sikudhani ndiye aliyeipata, ukurasa wa thelathini na nane, kati ya pongezi kwa mke wa Waziri na maelezo ya chakula cha mchana: nguzo ya tatu ilikuwa imetabasamu. Mwandishi alijua. Alijua kabisa, akaificha kwenye pilau.

Kijana mmoja alitapika pale pale. Dada yake ndiye aliyekuwa bibi harusi. "Mficha maradhi kifo humuumbua," mwalimu akasema. "Ila nyinyi mkificha, kinawaumbua wengine. Kila sentensi iulizeni: nani kafanya, na nani ataumia? Ikikataa kujibu, ikamateni shati."

Nilipenda hilo la kukamata shati. Lilikuwa karibu na taaluma yangu.

*

Ikakaribia Siku ya Shukrani, ambayo taifa zima humshukuru Mkuu wa Nchi kwa kukubali kushukuriwa. Waziri wa Ujenzi na Shangwe, Mheshimiwa Dakta Makoroboi, alikuwa amejenga Daraja la Shukrani kwa fedha nyingi. Nyumba yake ilipanda ghorofa kila daraja lilipoongezeka nguzo, na wananchi walisema ni kijicho kuvihusisha vitu hivyo viwili.

Kwa kubana matumizi, mzigo wa kwanza haungekuwa malori. Lori linakunywa mafuta. Wizara ikaamua mzigo uwe kina mama wa vikundi vya ngoma, wamevaa kanga za sura ya Waziri, wapite juu wakicheza. Kina mama wanakunywa soda tu, na wanajipakia wenyewe. Kiongozi wa ngoma akateuliwa Bi. Mwanahawa, mama yake Sikudhani, kwa ajili ya kiuno chake kinachojulikana wilaya nzima.

Ripoti ya ukaguzi ikakosa mwandishi. Wahandisi wote waliugua siku moja. Wengine waliugulia uwanja wa ndege. Wizara ikaagiza chuo kitoe mwanafunzi bora, na kwa kuwa mwalimu hakujua kusema uongo, akamtaja Sikudhani.

Nilimsindikiza mimi. Alikwenda na nyundo. Aligonga nguzo ya kwanza, kipande cha zege kikamwagika kama unga wa muhogo. Akachokonoa. Ndani ikatokea mianzi, na katikati ya mianzi mabango ya uchaguzi uliopita yaliyosokotwa kujaza nafasi, Waziri anatabasamu humo. Mimi nilifurahi, nikasema mianzi ni mali ya asili yetu, nondo tunaagiza nje. Sikudhani alikaa chini kwenye matope akashika kichwa.

"Afande, mama yangu atapita hapa juu."

"Ndiyo, tena mbele kabisa. Hongera."

"Afande Shomvi, nisikilize. Daraja hili litaanguka."

Nilielewa mara moja. Mkono ukaenda kwenye rungu kwa mazoea, kisha ukasita, kwa kuwa sikujua kama pale tuko kwenye kipimo cha zamani au kipya.

Ripoti yake ilikuwa fupi kuliko risiti ya duka: "Daraja la Shukrani litaanguka. Nguzo zina mianzi, hazina nondo. Mtu yeyote asipite juu wala chini." Ofisini kwa Waziri karani aliisoma akaanguka chini. Hakuwa anaumwa. Ni kwamba alikuwa hajawahi kuelewa kitu kazini tangu aajiriwe, ikampata ghafla.

Mheshimiwa Makoroboi alimwita Sikudhani, akasimama chini ya picha yake mwenyewe. "Binti," akanguruma, "taifa limekusomesha kwa jasho la wananchi, nawe unawalipa wananchi kwa kuwaandikia kitu wanachokielewa? Huu ni uhaini wa kalamu! Marehemu Profesa Kipengele alikufa kwa ajili ya nini? Mimi nimeandika vitabu sita, na naapa mbele ya bendera, mimi mwenyewe sijui vinasema nini! Huo ndio usomi! Koplo, vidole!"

Kwa kuwa mwalimu alitaka tuseme nani kafanya, nasema: Waziri Makoroboi aliamuru, na mimi Koplo Shomvi nikavunja vidole viwili vya mkono wa kulia wa Sikudhani juu ya meza ya mninga. Alilia. Akaokota kalamu kwa mkono wa kushoto akaandika tena maneno yaleyale, kwa herufi kubwa mbovu kama za mtoto wa chekechea. Yalieleweka zaidi.

*

Habari ikafika chuoni. Wanafunzi wakatoka wameshika chupa za dawa ya ng'ombe juu, wakisoma kwa pamoja, "Ni sumu! Usinywe!" Kikosi hakikujua huo ni wimbo wa chama gani, kikapiga mabomu ya machozi kwa tahadhari. Vijana walipigwa mpaka kwenye ngazi za maktaba. Mmoja alirushwa dirishani pamoja na kamusi. Kamusi ilikamatwa, kijana akazikwa.

Taarifa rasmi inasema: "Wakati wa utulivu huo, mwalimu mmoja aliangukiwa na rungu." Nimeisoma mara nyingi. Marungu yetu hayaanguki, waheshimiwa, yana kamba ya mkononi. Sajini Kigwasu alimkuta mwalimu Leokadia amesimama mlangoni mwa darasa, amewakinga wanafunzi kwa kutanua mikono. Akamwambia apishe. Mwalimu akamuuliza, "Nani amekuamuru?" Sajini Kigwasu akampiga kichwani mara ya kwanza, na ya pili, na akiwa ameanguka chini, mara ya tatu, na mwalimu Leokadia akafa. Niliona. Nilikuwa nimemletea sambusa mchana ule, zilikuwa bado kwenye mfuko wa koti, na sijui kwa nini nazitaja.

Baada ya mazishi Waziri alimwendea Sikudhani mahabusu, alikofungiwa tangu siku ya vidole, mpole kama mkwe.

"Kamati yangu imekuandikia ripoti mpya. Kurasa sitini, nzuri ajabu, nimesinzia mara tatu. Utaisoma siku ya sherehe, jina lako litaandikwa."

"Nikikataa?"

"Mama yako atacheza katikati kabisa ya daraja."

"Nikikubali, mama hatacheza?"

"Atacheza. Lakini kwa moyo mkunjufu, akijua mwanawe ni shujaa."

Sikudhani aliangalia vidole vyake vilivyofungwa tambara. Kisha akasema, "Nipeni kipaza sauti. Nitasoma." Waziri akanipiga bega, akasema mnaona, elimu ni nidhamu tu.

*

Siku ya Shukrani jua lilichomoza kwa ratiba. Juu ya daraja waliketi Waziri, wakubwa wa wizara, makandarasi wenye presha zao, na Sajini Kigwasu nyuma yao akilinda. Mwishoni mwa daraja kina mama walijipanga na kanga mpya. Chini, kwenye matope, nilikuwa mimi na Sikudhani. Niliamriwa nimfunge pingu kwenye nguzo ya kwanza, ili asipeperushwe na upepo. Hakukuwa na upepo.

Ngoma ikaanza, kina mama wakaingizwa darajani mapema, kabla ya makofi, ili kuokoa muda, Bi. Mwanahawa mbele. Juu yetu zege likaanza kudondosha vumbi kwenye kofia yangu. Mshereheshaji akatangaza kwamba sasa mwandishi atasoma ripoti yake ya kurasa sitini, na nilisikia viti vikilia, wageni wakijiweka vizuri kulala.

Sikudhani aliziacha kurasa sitini zikaanguka majini. Akasema kwenye kipaza sauti:

"Mama, ni mimi. Daraja hili linaanguka. Shuka. Kina mama wote, shukeni sasa hivi. Na nyinyi wakubwa, shukeni."

Akanyamaza.

Halafu nikasikia sauti ya Bi. Mwanahawa huko juu: "Huyo mwanangu! Mwanangu hajawahi kunidanganya hata habari ya sukari! Shukeni nyie, mnangoja nini?" Na kina mama, ambao tangu wazaliwe hawajaelewa hotuba hata moja ya serikali, wakaelewa. Walitupa ngoma wakakimbia, kanga zikawadondoka, wakasukuma askari wawili waliojaribu kuwarudisha. Mmoja wa askari alikanyagwa mpaka akasahau namba yake ya kazi.

Wakubwa je? Sikio la kufa halisikii dawa. Hao walikuwa wamesikiliza ripoti maisha yao yote, na walijua jambo moja tu kuhusu ripoti: sauti ikinyamaza, unapiga makofi. Wakapiga makofi. Kwa kuwa ripoti ilikuwa fupi kuliko zote, wakapiga kwa nguvu kuliko siku zote. Waziri akasimama, kwa hiyo wote wakasimama. Waziri akafurahi, akaanza kupiga na miguu, kwa hiyo wote wakapiga na miguu. Hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kuacha, maana mwaka juzi aliyeacha wa kwanza alihamishiwa gerezani.

"Safi sana!" nilimsikia Mheshimiwa Makoroboi. "Msomi huyo! Rudia, binti!"

"Shukeni!" Sikudhani akapiga kelele. "Nawaambia shukeni!"

Makofi yakaongezeka maradufu.

Nguzo ikalia. Sikudhani akanigeukia. "Afande, nifungue."

"Sijaamriwa."

"Nani wa kukuamuru?"

Nikatazama juu. Wote wa kuniamuru walikuwa wakipiga makofi. Nilisimama pale na ufunguo mkononi, kwa kweli nilikuwa nangoja, na ningengoja mpaka leo. Ndipo Bi. Mwanahawa akatokea kwenye matope, hana kanga wala viatu, akaniambia "Lete!" na kabla sijajibu akaning'ata sikio. Kipande alichokinyofoa sijakipata mpaka leo. Akachukua ufunguo, akamfungua mwanawe kwenye nguzo, pingu ikabaki inaning'inia mkono mmoja, wakakimbia. Mimi nikawafuata mbio. Pingu ni mali ya serikali, nami ndiye niliyeisainia.

Tulikuwa tumefika kwenye miwa ya watu daraja liliposhuka. Halikuanguka kwa fujo. Lilikaa chini, kama mzee aliyechoka, likawakalia. Mianzi ilipasuka kama bunduki. Sajini Kigwasu nilimwona akining'inia kwenye waya kwa mguu, kisha waya ukakatika. Mkono mmoja wa Waziri ulibaki nje ya zege, umefunguka, tayari kukutana na mwenzake. Na makofi, waheshimiwa, niliyasikia hadi mwisho kabisa, hata baada ya mayowe kuanza, kulikuwa na mmoja mle ndani bado anapiga.

*

Siku tatu bendera nusu mlingoti. Kisha wataalamu wakapima wakatangaza kwamba daraja lilikuwa zima, likauawa na sentensi. Sentensi fupi, wamesema, ina ncha, ikisemwa karibu na nguzo inachoma. Ndiyo hiyo kesi ya Sikudhani: kuangusha daraja la umma kwa maneno. Kitanzi ni Ijumaa. Mama yake naye ameshitakiwa, kwa kutoroka kazini akiwa mzigo.

Uwaziri amepewa mdogo wa marehemu Waziri, Makoroboi Mdogo, naye ameanza kujenga Daraja la Shukrani la Pili juu ya mabaki ya nguzo zilezile, kwa hoja kwamba zilisimama vizuri mpaka zilipotukanwa. Nyumba yake imefika ghorofa ya pili.

Na mimi mmeniletea ushahidi ulioandikwa tayari, kurasa tisini, niweke sahihi tu nipewe usajini wa marehemu Kigwasu. Msidhani nimekataa, mimi sina tabia ya kukataa. Niliketi nikausoma kwa moyo safi, kidole kwenye mstari, siku nzima. Niliuliza kila sentensi nani kafanya na nani ataumia, na hakuna hata moja iliyonijibu. Nikazikamata shati. Hazikuwa na shati, zilikuwa moshi mtupu. Sikuelewa, waheshimiwa, na mimi ndiye kipimo cha nchi hii, mlinichagua wenyewe. Basi imefeli. Badala yake nimewaandikia hii.

Najua kwamba yangu ikipokelewa ndiyo itakuwa ripoti ya nguzo zile, na mwandishi ni mimi, na desturi ni desturi. Mke wangu amelia tangu jana, ananiita mjinga, na hajakosea. Nitasimama chini. Mtoeni Sikudhani mahabusu, hiyo pingu mnirudishie, mnifunge nayo mimi kama mnaogopa upepo. Sikio moja nimebaki nalo, la kusikia watakaopita juu wanasema nini.

Watakaopita juu watakuwa kina mama tena, nimeona kanga mpya zinashushwa. Ningependa wasome hapa mapema, kwa sababu siku ile nitakuwa na kipaza sauti lakini sina Bi. Mwanahawa wa kuwapigia kelele. Ripoti yangu ni hii, nitaisoma mara moja tu.

Hili nalo litaanguka. Nikinyamaza, msipige makofi. Shukeni.